Fundi Hapimwi kwa Resi

Pikipiki ikiwa mbio, ubovu mwingi hujificha. Injini ina kani yake, hewa inaingia kwa wingi, na kijana aliyeikalia yuko tayari kuapa kwamba chombo chake ni kizima. Mwambie aachie resi. Hapo utasikia inakohoa, inashuka, inazima. Sailensa, ule mngurumo wa chini wa injini isiyobeba kitu, haina pa kuficha kasoro. Ni kama baiskeli: ikienda kasi haimwangushi mtu, ikienda polepole ndipo unamjua anayeijua. Mafundi wa pikipiki ninaowavulia kofia ni wale wanaoisikiliza injini ikiwa chini.

Si wote wanaoweza. Bodaboda anafika gereji anasukuma, jasho linamtoka, na jioni bosi anataka hesabu yake. Fundi wa kubadilisha anamwangalia mara moja tu na kumtuma dukani: lete plagi, lete koili, lete CDI, na hivyo vikishindwa, lete kabureta nzima. Mwishowe pikipiki inawaka kweli, ila hakuna anayejua ilikuwa inaumwa nini, fundi mwenyewe akiwemo. Fundi wa kutafuta hashiki spana kwanza. Anauliza. Ilizima ghafla au ilianza kukwama kidogo kidogo? Mafuta ya mwisho uliweka wapi, kituoni au kwenye chupa za barabarani? Nani kaigusa kabla yangu? Swali hili la mwisho huwaudhi watu, na ndilo lenye faida kuliko yote. Kisha anatazama vitu vya aibu: koki ya mafuta imefunguliwa? Swichi ya kuzimia injini haijabonyezwa na mtoto? Wapo waliopiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi, kumbe ni swichi.

Baada ya hapo kuna vitu vitatu tu vya kufuatilia: mafuta na hewa kwa kipimo, moto wa plagi kwa wakati wake, na kompresheni. Kukosekana kwa kimoja kunatosha kuizima injini, na ufundi ni kujua kipi kimekosekana bila kuvigusa vyote kwa pamoja. Ukibadilisha vitu viwili kwa mkupuo umejinyima jibu.

Moto huchunguzwa kwanza kwa kuwa ni rahisi. Plagi inatolewa, inarudishwa kwenye kofia yake, chuma chake kinagusishwa kwenye mwili wa injini mbali na tundu, kisha kiki inapigwa kivulini. Cheche ya bluu inayolia ni njema. Nyekundu iliyolegea ni dalili. Lakini fundi makini haiamini cheche ya nje moja kwa moja. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na kuruka kwenye hewa iliyobanwa kunataka umeme mkali zaidi. Plagi inayong'aa mkononi yaweza kugoma kule ndani. Ndiyo maana huwa na plagi moja nzima anayoijua, ya kujaribia tu, na hamuuzii mtu. Ile ya mteja anaisoma ncha: masizi makavu meusi, mafuta yanazidi; weusi wenye oili, mashaka yako kwenye ringi au sili za valvu; nyeupe kama chokaa, mafuta ni haba na joto limezidi. Rangi ya kahawia iliyofifia ndiyo inayotafutwa.

Utamu wenyewe uko kwenye kabureta. Hewa ikipita kwenye koo lake jembamba huongeza kasi, msukumo wake hushuka, na petroli hunyonywa kutoka kwenye bakuli la chini. Kwa uzito, gramu moja ya petroli inataka karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Resi ikifungwa, njia kubwa za mafuta hunyamaza na injini hubaki ikinyonya kupitia jeti moja ndogo, ambayo tundu lake mara nyingi halifiki nusu milimita. Punje ya kutu kutoka kwenye tangi inatosha kuliziba. Dalili yake haina fumbo: ukivuta choki inawaka, ukiirudisha inazima, ukishikilia resi inakwenda, ukiachia inakufa.

Tazama mikono ya anayejua. Analegeza skrubu ya chini ya bakuli na kukinga petroli kwenye chupa nyeupe, aone kama kuna matone ya maji yaliyotuama chini. Anafungua jeti, anaielekeza juani, anafumba jicho moja. Kama haoni mwanga, anaiacha ilowe kwenye petroli safi kisha anaipuliza kwa upepo wa pampu. Hachokonoi kwa uzi wa waya wa klachi. Shaba ya jeti ni laini, tundu likipanuka pikipiki itakunywa mafuta maisha yake yote. Akisharudisha, anaifunga skrubu ya hewa taratibu mpaka iguse, anairudisha mzunguko mmoja na nusu hivi, halafu injini ikiwa ya moto anaitafuta sailensa kwa robo-robo, sikio likiwa mbele ya macho.

Zipo kasoro zinazomdanganya hata mzoefu. Pikipiki inakwenda kilomita kadhaa inazima, inapumzika, inawaka tena, na watu wanaanza kuisema koili. Fungua kifuniko cha tangi: ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo, basi kijitundu cha kupumulia kimeziba na mafuta yalikuwa yanashindwa kushuka. Nyingine resi yake inapanda yenyewe na kuchelewa kushuka. Hapo mpira kati ya kabureta na injini unaweza kuwa umepasuka na kuingiza hewa ya wizi. Fundi anaupaka grisi nzito kuuzunguka. Mlio ukibadilika, amempata mwizi.

Halafu kuna valvu. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa mitaani kwetu zina injini iliyofuata mchoro wa Honda CG125 ya mwaka 1976, iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambako chombo hubebeshwa mzigo na matengenezo huchelewa. Valvu zake husukumwa na fito, na kifuniko cha juu kikifunguliwa tapeti hurekebishwa kwa vifaa vichache. Nafasi inayotakiwa kwenye CG ni milimita 0.08, karibu unene wa karatasi ya daftari. Mwenye pikipiki huogopa tapeti inayolia. Fundi huogopa zaidi iliyonyamaza, maana valvu iliyobana haifungi vizuri injini ikichemka, kompresheni inatoroka, na sailensa inapotea kila mchana na kurudi kila asubuhi.

Pikipiki za umeme zimeanza kupita Nairobi na Kigali, na hizo hazina sailensa wala jeti. Sawa. Zitapata mafundi wake.

Kinachoniudhi ni malipo. Aliyekuuzia spea tatu zisizohitajika hulipwa bila ubishi, kwa sababu boksi unaliona. Aliyepuliza jeti huambiwa, “Fundi, si umepuliza tu?” Wajanja wamejifunza: hawataji bei kabla ya kumwambia mteja aiwashe mwenyewe, arudishe choki, aachie mikono yote miwili, asubiri. Ikiendelea kunguruma bila kushikiwa resi, bei huwa inajadiliwa kwa adabu zaidi.