Picha Iliyopigwa na Picha Iliyoundwa
Mwezi wa Aprili 2023 Boris Eldagsen, msanii wa Ujerumani, aliikataa tuzo ya Sony World Photography Awards. Picha yake ya wanawake wawili, nyeusi na nyeupe kama za zamani, haikupigwa kwa kamera, bali iliundwa na kompyuta kwa maagizo ya maneno. Hoja yake kwamba huko si kupiga picha ni ya haki, na Kiswahili chaiunga mkono: apigaye picha hana budi kuwa na kitu mbele yake. Hata ya eksirei hupigwa, kwani mwili upo.

Taabu ni kwamba jicho halitofautishi tena. Mwaka 2024 Miles Astray alipeleka picha halisi ya heroe aliyeficha kichwa akijikuna tumbo kushindana na picha za akili bandia katika 1839 Awards. Waamuzi wakaipa nafasi ya tatu. Ukweli ulipojulikana, ikaondolewa.

Kamera ya Leica M11-P, iliyotolewa mwaka 2023, yaweza kutia katika picha saini ya kuthibitisha asili yake. Chombo ni chema, ila chaishuhudia kamera tu, si jambo lililopangwa mbele ya lenzi.