Shailoki: Jina la Pekee Lililogeuka Nomino ya Kawaida

Wanasarufi wa Kiingereza hutufunza kwamba jina la pekee halitanguliwi na kibainishi wala halina wingi. Kanuni hii ni nzuri, lakini ina mlango wa nyuma, na kupitia mlango huo limepenya jina ambalo sisi wa Kenya twalitamka kila siku bila kulihoji: Shylock.

Jina lenyewe ni la nadra. Halijulikani kuwa lilikuwa la kawaida miongoni mwa Wayahudi wa zama za Shakespeare. Baadhi ya wataalamu hulihusisha na Sela, atajwaye katika sura ya 10 ya kitabu cha Mwanzo. Tamthilia yenyewe iliandikwa mwishoni mwa karne ya 16, ilhali Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza tangu mwaka 1290. Hivyo watazamaji wengi walilipokea jina kabla ya kumjua mtu.

Tutazame sasa linavyotumika katika sentensi ya Kiingereza. Kwanza hulinganisha: fulani ni kama Shylock. Kisha hutanguliwa na «a», na palipokuwa na mtu mmoja pakawa na aina ya watu. Halafu hupokea «s» ya wingi na kupoteza herufi kubwa. Zipo kamusi zinazoliorodhesha hata kuwa kitenzi. Kila hatua yaonekana ndogo, lakini mwisho wake ni kwamba kabila zima limebebeshwa tabia ya mhusika mmoja wa kubuni.

Mwaka 2014 Joe Biden, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, aliwaita hivyo, kwa wingi, wakopeshaji waliowadhulumu wanajeshi. Baadaye alikiri kuwa hakuchagua neno vyema. Julai 2025 Rais Donald Trump alilitumia pia, akaeleza kuwa hakupata kulisikia kwa maana ya kuwatusi Wayahudi. Huenda kutojua huko ndiko ushahidi mkubwa zaidi: nomino ya kawaida humsahaulisha msemaji asili yake, lakini haimsahaulishi anayetajwa.

Huku kwetu hali ni ngumu zaidi. Kiswahili hakina kibainishi mfano wa «a», na sikio halisikii herufi kubwa. Alama iliyosalia ni kiambishi: mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwamba «mashailoki wamemfilisi babake.» Kiambishi ma- hakina tusi, twasema madaktari na makarani. Kwa sababu hiyo hiyo, neno limevikwa kanzu ya heshima likaketi barazani kama mwenyeji. Nilipomuuliza Shailoki ni nani, alijibu kuwa ni Kiingereza cha mkopeshaji.

Hapa yafaa tumkumbuke Mwalimu Julius Nyerere, aliyeifasiri tamthilia hii kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Wahakiki wamemlaumu kwa kugeuza mfanyabiashara mmoja kuwa mabepari wengi. Lawama hiyo ina msingi, lakini yaacha jambo moja. Mfanyabiashara wa anwani ya Kiingereza ni Antonio, wala si Shylock. Wingi wa Mwalimu wawakusanya wote wawili, mkopeshaji na mkopaji, chini ya hukumu moja ya kitabaka. Mtaani kwetu tumefanya kinyume: dhambi ya mfumo tumeitwisha jina la mtu mmoja, na nyuma yake, watu wake. Katika tamthilia wenzake humwita «Myahudi» mara nyingi, wakimnyima jina lake. Leo jina hilo hilo ndilo linalofanya kazi ya tusi.

Je, tuliingize katika kamusi? Naona tuliandike, kwa kuwa kamusi hushuhudia matumizi, lakini tueleze asili na uchungu wake. Darasani tusilihitaji. Tunao «mkopeshaji», na pale tunapotaka kulaani, tunaye «mla riba», anayelaaniwa kwa kitendo chake. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Tusilitumie jina la mwenzetu kuwa giza lenyewe.