Hajajaliwa: Neno Lisilo na Nafasi Katika Fomu

Tarehe 28 Novemba 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa dunia kuhusu kuzuia, kuchunguza na kutibu ugumba. Una mapendekezo 40. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa fasihi, si daktari, na nimeufuatilia nikiwa Kilwa Masoko kwa namna ninavyofuatilia maandishi yoyote: nani anasema, nani anasemwa, na ni neno gani limebebeshwa mzigo.

Kwanza tuutendee haki. Mwaka 2023 shirika hilohilo lilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani hupitia tatizo hili maishani mwake, na bado matibabu yake yamekuwa yakihesabiwa kama anasa. Kuna nchi ambako mzunguko mmoja wa upandikizaji mimba hugharimu mara mbili ya kipato cha kaya kwa mwaka. Mwongozo unaanzia chini, kwa mwenye nacho na asiye nacho: magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, tumbaku, elimu ya siku za kushika mimba. Kisha unapanda hatua kwa hatua hadi maabara, kwa kuzingatia majibu ya vipimo na matakwa ya mgonjwa.

Hapo kwenye "matakwa" ndipo ninapotaka tusimame. Katika mpangilio huo majibu ya vipimo hutangulia na matakwa hufuata, kama vile mgonjwa huanza kutaka baada ya maabara kusema. Huku kwetu matakwa yako tayari ndani ya neno, kabla hata ya nauli ya kwenda hospitali kupatikana.

Hospitalini neno ni "ugumba". Mtaani kumwita mtu mgumba ni kumtukana. Watu husema "hajajaliwa". Tazama sarufi yake. "Mgumba" ni jina: mtu na hali yake vimeshonwa pamoja. "Hajajaliwa" ni kitenzi chenye "-ja-" ya bado, mlango haujafungwa. Tena kiko katika hali ya kutendwa, na mtenda, ambaye kila mtu anamjua, hatajwi. Anayeingia kwa daktari akisema hajajaliwa amekwisha kueleza anachoamini, anachotumaini, na mwisho wa uwezo wa binadamu unapoanzia. Daktari huandika "ugumba". Tafsiri hiyo ni sahihi kitabibu, ila imeacha nje nusu ya maelezo.

Upande wa huduma nao una msamiati wake. UMATI ilianza mwaka 1959, na kwa miongo mingi tumefundishwa uzazi kwa lugha ya kuupanga na kuuchelewesha. Ndiyo maana siku za kushika mimba tunaziita "siku za hatari". Mwanamke anayemtafuta mtoto kwa miaka kumi anaambiwa azihesabu siku za hatari! Hata methali haimwachii nafasi: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uchungu wa kumkosa mwana anaujua nani?

Nina sababu ya kuuliza. Nimelelewa na mama mdogo, mdogo wake mama, ambaye hajajaliwa. Nilipelekwa kwake nikiwa na miaka mitatu, kama ilivyo kawaida pwani, ndugu kumpa ndugu mtoto. Kwenye fomu moja ya hospitali, sehemu ya watoto iliandikwa sifuri nami nimesimama pembeni yake. Hakulalamika. Jambo alilolitaka lilikuwa dogo: kujua sababu, basi. Hakutaka kupandishwa ngazi hadi Dar es Salaam. Muuguzi alimwona amekata tamaa. Aliponieleza miaka mingi baadaye, alisema, "Mwanangu, nilitaka kujua ili nipumzike." Matakwa ya namna hiyo yanaandikwa wapi? Huduma ikishapangwa kama ngazi, anayesimama huonekana ameshindwa. Wala nisiipambe desturi yetu: kunilea hakukumwondolea hamu yake, na hakuna mwenye haki ya kumwambia kwamba ilitosha.

Kuna pengo jingine, nalo wenyewe wanalikiri: suala la mbegu au yai la mtu wa tatu limeachiwa matoleo yajayo. Kumbe hapo ndipo dhamiri za watu zinapoachana zaidi. Al-Azhar iliruhusu upandikizaji mimba mwaka 1980 mradi mbegu na yai viwe vya mume na mke, bila mtu wa tatu. Vatikani iliukataa mwaka 1987. Nchini Iran, fatwa ya Khamenei ya mwaka 1999 ililegeza hata suala la wachangiaji. Mwanaanthropolojia Marcia Inhorn ameonyesha Misri jinsi wanandoa wanavyoingia kliniki na maswali haya mkononi. Kilwa, yenye Waislamu wengi, haina sababu ya kuwa tofauti.

Na maswali mengine hayahitaji maabara. Je, mume atakubali kupimwa, ilhali chanzo huwa upande wa mwanamume mara nyingi tu? Anayeona haya au dhambi kutoa mbegu peke yake ameambiwa kwamba zipo kondomu maalumu za kukusanyia, zisizoua mbegu, ili atoe akiwa na mkewe? Mwanamke ameulizwa kama anataka apimwe na mwanamke mwenzake? Ameulizwa nani asikie majibu: yeye, mume, au mama mkwe anayesubiri kwenye benchi?

Mwongozo huu utatafsiriwa, na ninaomba watafsiri wasiishie kwenye istilahi. Waongeze swali moja juu kabisa ya fomu, kabla ya umri, kabla ya vipimo: "Umekuja kutafuta nini?" Halafu waache mistari ya kutosha.