Pumzi ya Wanuri Kahiu: Maji, Mti na Kazi ya Mwili

Filamu za kubuni za kisayansi zenye jina la Kiswahili ni chache mno, na zilizoandikwa na kuongozwa na mwanamke wa Kiafrika ni chache zaidi. Pumzi ya Wanuri Kahiu, mtengenezaji filamu wa Kenya, ilitolewa mwaka 2009 na kuonyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani, mwezi Januari 2010. Urefu wake ni kama dakika ishirini tu. Tangu hapo imeandikiwa mengi katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, lakini maandishi hayo mara nyingi huukimbilia mti unaoonekana mwishoni. Sisi tutaanzia kwenye jina. Jina hilo ni la lugha tunayoifundisha, na tunadhani kwamba limebeba maana ambayo wasiojua Kiswahili hawakuweza kuiona.

Kisa chenyewe si kirefu. Miaka thelathini na mitano imepita tangu Vita vya Tatu vya Dunia, vita vilivyopiganiwa maji. Juu ya ardhi hakuna kinachoota. Watu waliosalia katika eneo la Afrika ya Mashariki wanaishi ndani ya mji uliofungwa pande zote, uitwao Maitu. Asha, ambaye anaigizwa na Kudzani Moswela, ni mtunzaji wa jumba la makumbusho ya viumbe vilivyotoweka. Siku moja anapokea kifurushi cha udongo kisicho na jina la mtumaji. Anaupima na kuukuta una maji mengi na hauna sumu ya mionzi. Anapanda humo mbegu ya zamani, nayo inachipua. Anaomba ruhusa ya kutoka nje ili atafute mahali udongo ule ulikotoka, lakini baraza la wakuu linakataa, kwa kuwa kwao nje ni mauti tu. Makumbusho yanaharibiwa, Asha anatiwa katika kazi ya kulazimishwa, kisha anatoroka na mche wake kwenda jangwani.

Turudi sasa kwenye jina. Pumzi ni ndugu wa kitenzi kupumua. Katika ukoo huohuo tunakuta pumu, ugonjwa unaomnyima mtu hewa, na kupumzika, yaani kuacha kazi ili pumzi irudi kifuani. Hapa kwetu wengi hutamka kupumuzika, na vokali ile ya katikati inaufichua ukoo wa maneno haya vizuri kuliko maandishi sanifu. Kwa hiyo masikioni mwa msemaji wa Kiswahili pumzi si hewa peke yake. Ni hewa pamoja na nafasi ya kuivuta kwa utulivu. Mtu anayehema yu hai, lakini bado hajapata pumzi. Mfasiri anayeliweka neno hili katika Kifaransa au Kiingereza hubaki na hewa, na sehemu ile ya mapumziko humponyoka.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Katika mji wa Maitu hakuna anayepumzika. Umeme unatokana na miguu na mikono ya wakazi, ambao hukimbia na kuvuta vyuma juu ya mashine kama zile za mazoezi. Nguvu za misuli zinaingia katika mitambo na kuwa taa. Jasho linakusanywa. Mkojo unachujwa na kurudishwa katika chupa. Kila mtu ana kipimo chake cha maji, na anakibeba kama vile mtu anavyobeba kitambulisho. Hata usingizi una mlinzi: Asha anapoota ndoto ya mti na maji, mashine inagundua na kumwamuru ameze dawa ya kuzuia ndoto. Kwa maoni yetu hapa ndipo filamu inapofikia upeo wake. Kahiu hatoi hotuba kuhusu mazingira. Anauchukua uharibifu wa dunia na kuuhesabu ndani ya mwili wa mfanyakazi, tone kwa tone. Utawala wa Maitu hauna haja ya bunduki nyingi, maana umekwisha kuimiliki njia ambayo jasho linapitia. Mwanafunzi aliyezoea kuona mazingira na kazi kama masomo mawili mbalimbali atafaidika sana kwa kuitazama sehemu hii mara mbili.

Upande wa picha, filamu hii ilitengenezwa kwa fedha kidogo na ilipigwa Afrika Kusini. Kahiu alizichunguza mbinu za sinema za miaka ya 1950, kama mandhari yaliyochorwa na picha zinazorushwa nyuma ya mwigizaji, na athari yake inaonekana: mji kwa nje una ubapa wa mchoro, na mtazamaji mkali atatambua mahali ambapo mchoro umekutana na mchanga wa kweli. Hatuoni kwamba hilo ni kasoro kubwa. Mwaka huohuo wa 2009 ilitoka Avatar ya James Cameron, nayo ina mti mkubwa uliokaliwa na watu na kampuni inayotaka madini yaliyo chini yake (kisa ambacho msomaji wa Katanga hahitaji kuelezwa). Huko kila jani linang'aa, na macho yanashiba. Kahiu anayanyima macho. Ndani ya Maitu rangi ni za chuma na kivuli. Nje ni njano ya jua inayoumiza. Kijani ni cha chipukizi moja ndani ya chupa, na kwa sababu ni kimoja tunakihofia kama mtu anavyouhofia mshumaa katika upepo. Pale ambapo Cameron alitumia wingi, yeye ametumia uhaba, na uhaba ndio habari yenyewe.

Kuhusu lugha tuna mashaka. Wahusika karibu hawafungui vinywa kusema. Wanawasiliana kupitia vioo vya mashine, na sauti inayotoka ni ya Kiingereza kilichonyooshwa. Jina la mji limetokana na Kikuyu, ambamo maitu ni mama, na filamu inaligawanya neno hilo ili lilete maana ya “ukweli wetu”. Mwanaisimu hataukubali mgawanyo huo, bali kama tamathali unafaa. Lakini Kiswahili kimebaki katika jina la filamu tu. Mtu anaweza kutetea kwamba huu ndio ubashiri wenyewe: utawala uliochukua jasho na ndoto umechukua na lugha, na pumzi ni neno la mwisho lililosalia. Utetezi huo ni mzuri, ila filamu haitoi ishara hata moja kwamba mtu yeyote ndani ya mji ule anakumbuka kuwa aliwahi kusema vingine. Upotevu usioonekana na wahusika wala na kamera ni vigumu kuuita ubashiri.

Tatizo zito zaidi ni mwisho. Asha anaupanda mche, anaumwagilia maji yake ya mwisho na jasho lake, anaufunika kwa nguo, analala kando yake. Kamera inapaa, na mti unakua mahali alipolala. Wahakiki wengi wameusifu mwisho huu, na uzuri wake haukataliki. Lakini ni uzuri wa kafara. Mwili ambao utawala uliukamua sasa unajikamua wenyewe, na mwanamke aliyekimbia kazi isiyo na mapumziko anapumzika kwa kufa.

Inashangaza kwa sababu Kahiu alijua njia nyingine. Mwaka huohuo wa 2009 alitengeneza filamu ya habari za kweli, For Our Land, juu ya Wangari Maathai, ambaye mwaka 2005 aliteuliwa kuwa balozi mwema wa misitu ya bonde la Kongo. Maathai alianza kwa miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 5 Juni 1977. Kazi iliyofuata haikuwa ya shujaa mmoja. Ilikuwa ya vikundi vya wanawake wa vijijini, vitalu vya miche, na malipo madogo kwa kila mche ulioshika. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, zaidi ya miti milioni 30 ilikwisha kupandwa. Hakuna aliyetakiwa kufa ili mche ushike. Kinyume chake, mche hushika kwa sababu kesho yake kuna mtu anayerudi na maji.

Na mtu huyo alikuwamo katika Pumzi. Msafishaji wa msala, mwanamke asiye na cheo, ndiye aliyemsaidia Asha kutoroka. Bila yeye mche usingefika jangwani. Alibaki ndani, katika mji uleule, kazini, na filamu haisemi lolote juu ya yaliyompata.