Gobore lililopigwa msasa

Juzi, Mji Mkongwe, nilioneshwa bunduki ya Snider iliyokarabatiwa. Maelezo yake: "Ya mwaka 1862, asili kabisa." Jamani! Snider za mwanzo zenyewe ni bunduki za kuungaunga. Waingereza walichukua gobore la Enfield, wakakata sehemu ya nyuma ya mtutu, na kuanzia 1866 wakafunga kifuniko chenye bawaba ili risasi iingie kwa nyuma. Kwa hiyo mwaka uliogongwa ubavuni ni wa gobore, si wa Snider.

Kwetu hili si dogo. Jeshi la Sayyid Barghash, lililoanzishwa 1877 chini ya Lloyd Mathews, lilipewa na Uingereza Snider 500. Je, hii ni mojawapo? Ungeanza kwa kusoma mihuri ya kila kipande: mtutu, kifuniko, kitako. Lakini fundi ameshapiga msasa. Mtutu unang'aa kama sufuria mpya, na mihuri imefutika.

Kutu ya hewa ya bahari ni tatizo kweli. Ila dawa yake ni kutoa chumvi, kukausha vizuri na kupaka nta. Kipande kikibadilishwa, kiandikwe kuwa ni kipya. Kung'arisha si kukarabati. Hapa kumefuta ushahidi.