Kimya cha Pili

Juzi nilikaa na wageni waliokuja kukagua darasa moja hapa Musonoi, Kongo. Mwalimu akapaza sauti: "Mto wetu unaitwa Lua...?" Darasa zima likaitikia: "...laba!" Wageni wakafurahi, wakaandika kwamba watoto wanashiriki vizuri. Nilitoka nimeudhika, na hasira haijaisha. Mtoto anayemalizia neno la mwalimu amesikia sauti ikipanda, basi. Mwite peke yake umuulize mto huo unaelekea upande gani, uone.

Yako makubwa kuliko hayo. Mwalimu mmoja alikuwa amekubaliana na watoto wake kabla inspekta hajafika: anayejua anyooshe mkono wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mikono yote ikapanda, yeye akachagua ya kulia, inspekta akaondoka akimsifu.

Mengine nayapima haraka. Mwalimu mzuri haongei zaidi kuliko darasa lake. Ubao wake unasomeka kutoka benchi la mwisho. Hagongi meza kutafuta utulivu. Hatumii chaki ya rangi. Majina yote anayajua kabla ya Noeli, hata kama elimu ya bure iliyoanza 2019 ilimjazia darasa mpaka mlangoni. Juu ya haya sibishani na mtu.

Ila kinachonionyesha fundi ni kimya cha pili. Cha kwanza wengi wanakijua: mwalimu anauliza, kisha anangoja. Mary Budd Rowe wa Marekani alikipima miaka ya 1970, akakuta walimu kwa kawaida wanangoja kama sekunde moja tu. Wakifika tatu, majibu yanarefuka, na hata watoto waliohesabiwa dhaifu wanaanza kusema. Wageni wasichokiona kamwe ni kimya kinachofuata jibu. Mtoto amesema, amemaliza. Fundi anatulia. Jibu liwe sahihi au la, uso wake ni uleule, chaki haijasogea, na macho hayajamkimbilia yule mwerevu wa mbele. Anamtazama aliyejibu kama mtu ambaye bado ana la kusema, na mara nyingi kweli analo.

Huku kwetu kimya hicho kina kazi kubwa zaidi. Watoto wanaanza na Kiswahili, halafu Kifaransa kinashika darasa. Mtoto wa mwaka wa tatu anaweza kuwa na jibu kamili la Kiswahili, analitafutia maneno. Anasema nusu, anakwama. Ukimkatiza hapo umemwita mjinga. Tena kuna aliyeamka alfajiri kuosha mawe ya kobalti kabla ya kuja masomo, na kuna anayesikia wazazi usiku wakiulizana kama mgodi utaifikia nyumba yao. Watoto hawa wanaingia wakiwa tayari kukemewa. Mtoto asipokemewa, akaachiwa nafasi ya kulitazama jibu lake mwenyewe, unaona mabega yakilegea.

Jihadhari na wanaouigiza upole. "Nani atamsaidia mwenzetu?" Nimesikia watu wakilisifu swali hilo. Linamvua mtoto mbele ya wote, kisha linamkabidhi kwa mshindani wake.

Mzee aliyenifunza kazi, enzi kampuni ya madini ya Gécamines ingali na nguvu na shule zake, hakulitumia swali hilo. Msichana alisema saba mara nane ni hamsini na nne. Mzee akamngoja. Msichana akatazama vidole vyake, akasema, "Ngoja, mwalimu," akafika hamsini na sita. Mzee akamuuliza amejuaje, na darasa likajifunza kwake. Hiyo ilikuwa kabla mgodi wa Kamoto haujaporomoka mwaka 1990 na kampuni kuanguka nao. Wakati huo mshahara ulifika, na mwalimu hakusimama mbele ya watoto akiwaza deni la unga. Mwenye njaa hana subira ya kungoja, kwa hiyo walimu wa leo siwalaumu wote. Lakini kusifu kazi mbovu ni kuwanyima hata wao sababu ya kutafuta iliyo nzuri.

Ukija kukagua, usikae nyuma. Kaa pembeni, karibu na ubao, uzione nyuso. Mchague mtoto mmoja aliyekosea mapema, umfuatilie yeye tu. Akinyoosha mkono tena kabla ya kengele, mpe mwalimu wake alama zote, hata kama mistari ya ubao wake imepinda.