"Mundu" katika Kiyao na Kiswahili: Umbo Moja, Mashina Mawili

Mzungumzaji wa Kiyao na Kiswahili huko Nalasi, kusini mwa Wilaya ya Tunduru mkoani Ruvuma, ana neno *mundu* mara mbili. Katika Kiyao *mundu* ni mtu. Katika Kiswahili ni chombo kilichopinda cha kukatia nyasi na kuvunia. Ni rahisi kushawishika kwamba hapa pana neno moja lililohama maana, kutoka kwa mkulima hadi kwenye zana yake. Maelezo hayo yanavutia, lakini wingi wa maneno yenyewe unayakanusha.

Wingi wa neno la Kiyao ni *wandu*, hivyo shina lake ni *-ndu*. Wingi wa neno la Kiswahili ni *miundu*. Lau shina lingekuwa *-ndu*, wingi ungekuwa *mindu*, umbo ambalo Kiswahili hakina. Shina ni *-undu*, na katika umoja irabu ya kiambishi imemezwa na irabu ya shina. Kinachofanana, basi, ni umoja tu.

Ndugu halisi wa *mundu* wa Kiyao katika Kiswahili ni *mtu*. Yote mawili yanatokana na shina la Kibantu *-ntu*, lile lile lililompa W. H. I. Bleek jina la familia nzima ya lugha hizi katika sarufi yake ya mwaka 1862. Kiswahili kilidondosha nazali mbele ya /t/. Kiyao kiliibakiza na kuighunisha konsonanti inayofuata. Hili si tukio la neno moja: *kuku* wa Kiswahili ni *nguku* kwa Kiyao, na *tembo* ni *ndembo*. Kinyanja kilifuata njia ya tatu, ya mpumuo: *munthu*, *nkhuku*. Kimakonde, jirani wa mashariki, kina *munu*.

Hata ulinganifu wa kanuni una mipaka yake. Kikuyu, mbali kabisa na Mto Ruvuma, kina *mũndũ* na *ngũkũ*. Anayepima ukaribu wa lugha kwa ghuna hii peke yake ataweka Nalasi na Nyeri katika tawi moja, akiiacha Newala nje.

Udhaifu unaostahili kukosolewa ni ule wa orodha za msamiati zinazotaja umoja na maana tu, bila wingi wala ngeli. Kiyao hakikukosa maandishi: Edward Steere alichapisha mkusanyo wake wa Kiyao mwaka 1871, mwaka mmoja baada ya kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili, na *Chiikala cha Wayao* cha Yohanna B. Abdallah kilitoka mwaka 1919. Msomaji wa Kiswahili anayekifungua kitabu cha Abdallah akiwa na orodha ya aina hiyo mkononi ataikuta *wandu* na asijue ni wingi wa nini.

Darasani jambo hili lina uzito zaidi. *Mundu umepotea* ni sentensi sanifu kuhusu chombo. Mwanafunzi Myao anayeandika *mundu amepotea* ameathiriwa na lugha mama katika nomino, ilhali upatanisho wake wa ngeli ni sahihi kabisa: anazungumzia mtu. Mwalimu anayesahihisha kitenzi badala ya nomino, akaandika *umepotea*, ameigeuza habari ya mtu aliyepotea kuwa habari ya chombo.